Wanafunzi wanakariri fasili ya sentensi ya hoja kuu, kuiandika hawawezi. Tatizo liko wapi?

#1 WinoMweusi
Habari za leo wakuu. Swali kwa wanaofundisha uandishi wa kitaaluma kwa Kiingereza, iwe sekondari ya juu au mwaka wa kwanza chuoni.

Muulize mwanafunzi sentensi ya hoja kuu ni nini, atakujibu bila kumung'unya: ni sentensi moja, inakaa mwisho wa utangulizi, inabeba msimamo wa mwandishi. Sasa mpe swali la insha. Utaletewa kimojawapo kati ya hivi:

a) Tangazo: "This essay will discuss the causes of the First World War."
b) Ukweli usiobishika: Vita vya Kwanza vya Dunia vilianza mwaka 1914.
c) Mada isiyosema kitu: Sababu za Vita vya Kwanza vya Dunia.
d) Mawingu: Vita hivyo vilikuwa na sababu nyingi na madhara makubwa kwa jamii.

Hakuna hata moja ambayo mtu mwenye akili timamu anaweza kuibishia, kwa hiyo hakuna insha ya kuandika hapo. Dai langu ni kwamba tunafundisha fasili na mahali pa kuiweka, hatufundishi namna ya kuipata. Mnasemaje? Mifano mingi nitaiandika kwa Kiswahili ili tuangalie hoja kwanza. Sarufi ya Kiingereza itakuja yenyewe.

#2 Kalamu_Nyekundu
Nakubaliana na wewe nusu. Namna ya kuipata haifundishiki kwa mtu ambaye hana la kusema. Unamtaka awe na msimamo juu ya jambo alilolisoma aya mbili kwenye kitabu cha kiada, na hizo aya zenyewe hazina mgogoro wowote. Atatoa wapi msimamo?

Kabla ya kudai sentensi, mpe vyanzo viwili vinavyopingana. Virefu visizidi kurasa tatu kila kimoja. Aandike kwa kila chanzo mstari mmoja: huyu anadai nini. Kisha mstari wa tatu: wanapishana wapi hasa. Hoja kuu inaota kwenye ule mpishano. Ukiruka hatua hii utaletewa (d) mpaka ustaafu.

#3 BiNukta
Mkuu Kalamu, hawa watoto msimamo wanao. Waache wabishane kwa lugha yao uone, kengele inalia bado wamo. Wanachokosa ni sentensi ya Kiingereza inayoweza kubeba msimamo. Hoja nzuri inahitaji sentensi changamano: kuna upande unaokubaliwa, kuna dai lenyewe, kuna sababu. Mwanafunzi akijaribu kuvipandisha vyote vitatu kwenye gari moja, linapinduka. Anarudi kwenye "This essay will discuss" kwa sababu ni sentensi anayojua haina kosa.

Makosa yanayojirudia:

"Although" halafu "but" kwenye sentensi hiyohiyo. Sisi "ingawa... lakini" hatuioni vibaya, Kiingereza cha kitaaluma kinataka kimoja tu.
"Because of" ikifuatwa na kishazi kizima chenye kitenzi. Baada yake inakaa nomino. Ukiwa na kitenzi, ondoa "of".
"Despite of". Haipo.
Sentensi inayoanza na "Because" ikaishia kwenye nukta kabla ya dai kufika.
Rundo la nomino lisilo na kitenzi kikuu. Ndiyo (c) ya WinoMweusi.

Tiba: dakika 10 mwanzoni mwa kipindi, jozi tano za sentensi fupi ubaoni, wanafunzi waziunganishe kwa kiunganishi ulichochagua. Wiki tatu mfululizo, kiunganishi kimoja kwa wiki. Halafu ndipo udai hoja kuu.

#4 MzeeWaRasimu
Nyote mmepita pembeni. Kosa kubwa ni kudai sentensi hii IANDIKWE KWANZA. Mwandishi anajua anachodai akishaandika. Ukimdai kabla hajaandika, anakupa kitu salama na kisha insha nzima inafungwa kwenye kitu hicho salama.

Mimi ningeenda hivi:
Siku ya kwanza, sentensi ya muda. Iandikwe kwa penseli, hata ikiwa mbovu. Isisahihishwe.
Kisha rasimu ya kwanza yote.
Kisha soma HITIMISHO. Mara nyingi dai halisi limejificha pale, kwa sababu ndipo mwandishi alipochoka kuzunguka akasema anachofikiri. Lihamishe liende mwisho wa utangulizi.
Kisha muhtasari wa kinyumenyume: pembeni ya kila aya andika maneno yasiyozidi kumi yanayosema aya hiyo inathibitisha nini. Aya isiyosaidia dai jipya inatoka, au dai linabadilika.

Hatua ya mwisho ndiyo inayorukwa na wengi. Unakuta utangulizi una dai jipya la kupendeza, na aya zilizo chini yake bado zinatetea lile la penseli.

#5 Shaka_Tupu
Mzee shikamoo. Mtihani wa dakika 40 una rasimu ngapi? 😂

Kwenye IELTS, ule mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, kazi ya pili ni maneno yasiyopungua 250 kwa muda huohuo. Akifika kwenye hitimisho ndipo agundue dai lake, muda umekwisha na utangulizi unasema kitu kingine.

#6 MzeeWaRasimu
@Shaka_Tupu marahaba. Kwenye mtihani unafupisha hatua, huzigeuzi. Dakika tano hadi saba za mwanzo: andika ushahidi au sababu tatu kwa maneno machache, chora mshale kutoka ile dhaifu kwenda ile yenye nguvu, kisha ndipo uandike sentensi. Dai bado linakuja baada ya vithibitisho, rasimu yenyewe imekuwa mistari mitatu tu.

Na kwa maneno 250, usidai msimamo wenye matawi. Dai moja, sababu mbili, basi.

#7 Dodosa
WinoMweusi aliuliza inapatikanaje, tunajibu kwa nini haipatikani. Naleta njia ya maswali. Tutumie mada yake mwenyewe.

1. Geuza mada iwe swali la "kwa nini" au "kwa kiasi gani". "Sababu za vita" si swali. "Kwa nini mauaji ya Sarajevo yaligeuka kuwa vita vya Ulaya nzima?" ni swali (Sarajevo ndipo alipouawa mrithi wa kiti cha Austria-Hungaria).
2. Jibu kwa sentensi moja, lugha yoyote, dakika 3. Hakuna kufuta.
3. Mwenzako akuulize "kwa nini?" Jibu lako liongeze kwenye sentensi.
4. Akuulize "nani atabisha, na atasemaje?" Hilo linakwenda mwanzoni, upande wa "ingawa".
5. Akuulize "kwa hiyo nini?" Ukikosa jibu, dai ni dogo mno.

Ikitoka hapo inakuwa hivi: Ingawa mauaji ya Sarajevo ndiyo yaliyoanzisha mgogoro, vita vilienea Ulaya nzima kwa sababu mikataba ya ushirika iliyalazimisha mataifa makubwa kuingia, na viongozi walikuwa na siku chache tu za kujadiliana.

Halafu ipime kwa kuikanusha. Igeuze: "mikataba HAIKUYALAZIMISHA mataifa". Je, kuna mtu makini anayeweza kusema hivyo? Yupo. Basi sentensi iko hai. Sasa kanusha ile (d): "vita havikuwa na sababu nyingi". Hakuna atakayesimama na hilo. Imekufa.

#8 Mpenda_Historia
Njia nzuri, ila sentensi yako ina mashimo mawili na mtahini wa historia atayaona kabla hajakaa.

"Siku chache": mauaji yalitokea 28 Juni 1914, Austria-Hungaria ikatangaza vita dhidi ya Serbia 28 Julai. Huo ni mwezi mzima. Kilichobana muda ni hati ya masharti ya tarehe 23 Julai iliyoipa Serbia saa 48.

"Iliyalazimisha": Italia ilikuwa kwenye ushirika mmoja na Ujerumani na Austria-Hungaria. Mwaka 1914 ikakaa pembeni, na Mei 1915 ikaingia vitani upande wa PILI. Mkataba uliolazimisha uko wapi hapo?

#9 Dodosa
Safi, huyo ndiye mbishi wa hatua ya 4, amekuja na vyeti vyake. Hapo hutupi sentensi, unamchukua mbishi unamweka ndani:

Ingawa mikataba ya ushirika ndiyo inayolaumiwa mara nyingi, Italia kubaki pembeni mwaka 1914 kunaonyesha kuwa mikataba peke yake haikutosha kueneza vita, bali kilichovieneza ni mipango ya kijeshi iliyotegemea kasi, ambayo baada ya 23 Julai iliwanyima wanasiasa nafasi ya kurudi nyuma.

Angalia kilichotokea kwa aya. Zamani insha ingekuwa "sababu ya kwanza, sababu ya pili, sababu ya tatu". Sasa sentensi yenyewe inapanga kazi: aya ya Italia; aya ya mpango wa Ujerumani wa kuipiga Ufaransa haraka kabla Urusi haijamaliza kukusanya jeshi lake; aya ya ratiba yenyewe, Urusi kuamuru jeshi lote likusanywe 30 Julai, Ujerumani kuitangazia Urusi vita 1 Agosti, Ufaransa 3 Agosti, Uingereza kuingia tarehe 4. Mwanafunzi haulizi tena "mwalimu, niandike nini aya ya tatu?"

#10 Kalamu_Nyekundu
@Dodosa umenithibitishia mimi. Maswali yako matano yalizaa sentensi yenye mashimo. Iliyoiokoa ni taarifa ya Italia, na taarifa hiyo ilitoka kwa mtu aliyesoma. Darasani Mpenda_Historia hayupo.

#11 BiNukta
Na mimi amenithibitishia 😄 Hiyo sentensi ukiitia kwenye Kiingereza inavuka maneno 45. Mwanafunzi wa kiwango cha kati atapotea kwenye "ambayo". Ikate ziwe mbili: ya kwanza inamkubali na kumjibu mbishi (Italia), ya pili inatoa dai (mipango na kasi). Hakuna sheria inayosema hoja kuu lazima iwe sentensi moja. Kwa insha ya maneno 500, moja ya maneno 20 hadi 35 inatosha. Kwa maneno 1500 na kuendelea, mbili ni halali kabisa, mradi zifuatane na ya pili isiwe tangazo la mpangilio.

#12 NjiaPanda
Mbona hakuna aliyegusa utamaduni? Robert Kaplan, mwanaisimu wa Marekani, alishaonyesha mwaka 1986 kwamba kila lugha ina mwendo wake wa hoja. Kiingereza ni mstari ulionyooka, wengine wanazunguka wakifika mwisho ndipo wanasema. Mwanafunzi anayeweka dai kwenye hitimisho (rejea Mzee #4) hajakosea kufikiri, anafuata adabu ya lugha yake: huanzi kwa kumkatia msikilizaji hukumu.

#13 Msoma_Tanbihi
Ni 1966 mkuu, si 1986. Na ile michoro yake, aliyochora mwendo wa hoja wa kila kundi la lugha, imepingwa sana. Alitumia insha ambazo wanafunzi wa kigeni waliziandika kwa KIINGEREZA, kisha akazifanya ushahidi wa jinsi wanavyofikiri kwa lugha zao. Insha mbovu ya lugha ya pili inaweza kuzunguka kwa sababu mtu hajui njia, si kwa sababu kwao wanazunguka. Tena alikusanya lugha nyingi zisizofanana kwenye kapu moja la "Mashariki".

Kama unataka hoja ya upande huo yenye mashiko zaidi, mwanaisimu John Hinds mwaka 1987 aliuliza swali jingine: nani ana wajibu wa kufanya maana ieleweke, mwandishi au msomaji? Kwa Kiingereza mzigo mkubwa uko kwa mwandishi. Hilo linafundishika darasani bila kumwambia mtoto kwamba akili yake ni ya mviringo: "msomaji wako hatakutafuta, mfuate alipo."

#14 NjiaPanda
Sawa, 1966. Lakini hoja ya adabu hujaijibu.

#15 Shaka_Tupu
Mstari ulionyooka wenyewe nautilia shaka. Mtafiti wa uandishi Richard Braddock mwaka 1974 alipima makala za waandishi weledi wa Marekani akakuta ni kama asilimia 13 tu ya aya zinaanza na sentensi kiini, ile inayobeba wazo kuu la aya. Wenye lugha yao hawafuati, sisi tunawachapa watoto.

#16 Msoma_Tanbihi
@Shaka_Tupu hiyo ni sentensi kiini ya AYA, si hoja kuu ya insha. Usizichanganye, tutapelekana siko. Na wale walikuwa waandishi wa majarida, hawakuwa wanasahihishwa na mtu mwenye insha 120 mezani.

#17 MaabaraTu
Naomba kuharibu shughuli. Tangazo analolichukia WinoMweusi ni halali kabisa kwetu sisi wa sayansi. Fungua makala yoyote ya utafiti, mwisho wa utangulizi utakuta "In this paper, we examine..." John Swales, mtafiti wa uandishi wa kitaaluma, alilieleza hili kwenye modeli yake ya utangulizi, ile ya 1990: hatua tatu, unaonyesha uwanja, unaonyesha pengo, kisha unalikalia pengo. Kutangaza kusudi la utafiti ni njia mojawapo inayokubalika ya kulikalia.

Sasa mwanafunzi asubuhi yuko kwenye fasihi anakatazwa tangazo, mchana yuko kwa mwalimu wa biolojia analazimishwa kulitumia. Halafu tunasema hajui.

#18 WinoMweusi
@MaabaraTu pointi kubwa hii. Ila tofauti ipo: tangazo la makala ya utafiti limetanguliwa na pengo. Lile la mwanafunzi wa insha limetanguliwa na "Tangu mwanzo wa dunia binadamu amekuwa akipigana." Ukiondoa pengo, linabaki ubao wa matangazo.

Pia dhana tete (hypothesis) ya kisayansi inaandikwa kabla ya matokeo na inaruhusiwa kushindwa. Hoja kuu ya insha inaandikwa ukiwa umeshaona ushahidi. Labda tuwaambie wazi: hizi ni kazi mbili, usihamishe umbo la moja kwenda kwenye nyingine.

#19 MaabaraTu
Waambie na walimu wenzako wa fasihi 🙏

#20 BiNukta
Kuna ugonjwa hatujautaja: hoja ya mikono mitatu. "Mitandao ya kijamii ina madhara kwa sababu inaathiri afya, elimu na mahusiano." Inaonekana nzuri, ina dai na ina sababu. Lakini sababu hizo ni droo tatu, haziongei. Ukizipanga upya, elimu, mahusiano, afya, hakuna kinachobadilika. Na aya ya tatu huwa nyembamba kwa sababu sababu ya tatu ilitafutwa ili idadi itimie.

Tiba yake swali moja: kati ya hizi tatu, ipi inazaa nyingine? Mwanafunzi akisema "kukosa usingizi ndiko kunakoharibu masomo", amepata mnyororo. Sentensi mpya: Madhara makubwa ya mitandao kwa wanafunzi hayatoki kwenye maudhui bali kwenye usingizi inaouiba, kwa kuwa anayelala saa chache hushindwa kushika anachofundishwa hata siku asiyoigusa simu. Hapo mahusiano yametoka nje. Yatoke tu.

Pili, vitenzi vilivyokufa: "is important", "plays a vital role", "has advantages and disadvantages". Zipige marufuku kwenye hoja kuu kwa muhula mmoja. Mwanafunzi akikosa "is important" analazimika kusema kitu kinafanya NINI.

Tatu, kipimo cha uhakika. "Always", "all" na "never" zinavunjika kwa mfano mmoja tu wa kinyume. Lakini usiwape "may" bila breki, utapata "it may possibly seem that", maneno matatu ya woga kwenye dai moja. Neno moja la tahadhari linatosha, liwekwe kwenye kitenzi.

#21 Kalamu_Nyekundu
Hapo kwenye mikono mitatu nakupa tano. Ila hiyo haikutoka hewani, imefundishwa. Insha ya aya tano inataka sababu tatu, mwongozo wa usahihishaji unatoa alama kwa kila sababu, mwanafunzi anahesabu. Mwenye dai la mnyororo anaweza kupata chini ya mwenye droo, kwa sababu msahihishaji anatafuta "sababu ya tatu" haioni. Hilo nalo ni jibu kwa #1: wanaandika vile kwa sababu wanalipwa kuandika vile.

Kwa hiyo sahihisha hoja kuu peke yake kwanza. Kila mmoja alete sentensi yake kwenye kipande cha karatasi, bila insha. Tumia alama nne tu: B (inabishika?), F (ni finyu ya kutosha kwa urefu wa insha?), S (ina sababu?), J (inajibu swali lililoulizwa?). Unatia tiki au mkasi, huandiki maoni. Karatasi 40 zinaisha ndani ya saa moja. Akirudishiwa yenye mkasi kwenye J, ajue hakusoma swali, wala asihangaike na sarufi.

#22 Dodosa
J ndiyo inayoua wengi. Swali linasema "to what extent", jibu linasema ndiyo au hapana. Hapo dai lazima liwe na KIASI: zaidi kuliko, hadi pale ambapo, isipokuwa. "Compare" inataka dai kuhusu uhusiano wa vitu viwili, si aya ya hiki na aya ya kile. "Discuss" ndiyo mbaya kuliko zote, kila mwalimu ana maana yake.

#23 Shaka_Tupu
Tuseme na ukweli mwingine: maswali tunayowapa yenyewe hayana hoja. "Discuss the importance of education." Unataka mtoto abishe nini hapo, kwamba elimu haina maana? Hoja mfu imezaliwa na swali mfu. Kabla hujampa swali, jaribu kuandika wewe mwenyewe hoja kuu MBILI zinazopingana kwa swali hilo. Ukishindwa, libadilishe.

#24 Rasimu0
Nimefuatilia kimya, asanteni. Je, hizi roboti za akili mnemba? Siku hizi sentensi zinakuja na "although" imekaa mahali pake na "because" haina kosa.

#25 Dodosa
@Rasimu0 zina ugonjwa wake: usawa. Utakuta "ingawa X ina faida, ina changamoto pia, hivyo uwiano unahitajika." Ipige kipimo cha kukanusha, nani atadai uwiano hauhitajiki? Ni (d) iliyovaa suti. Mpe mwanafunzi dakika mbili aitetee kwa mdomo mbele ya mbishi mmoja. Iliyo yake ataitetea hata kwa Kiingereza cha kuokoteza.

#26 MzeeWaRasimu
Au mwambie alete na ile ya penseli.

#27 BiNukta
Mzee na penseli yake 😂

@WinoMweusi ukipata muda weka hapa sentensi tano za darasa lako bila majina, tuzipige B-F-S-J. Mimi nachukua sarufi, Mpenda_Historia achukue tarehe.

#28 WinoMweusi
Naanza na mbili, nyingine zinafuata:

"Although colonialism built railways, but it was for taking resources."
"Because of the people they did not have land, the rebellion started."

#29 BiNukta
Ya kwanza: toa "but". B ndiyo, S bado haipo, F hapana, ukoloni upi na reli ipi? Ya pili: toa "of" na "they". Ila naiona ni nzuri kuliko ya kwanza.

#30 Kalamu_Nyekundu
Ya kwanza ndiyo nzuri. Ina mbishi ndani yake, ya pili haina.

#31 Mpenda_Historia
Uasi upi kwanza?